Nyama ya Ufizi Iliyopandikizwa Hushikizwa na Nini?

Mwezi uliopita nilimsindikiza shangazi yangu kwa daktari wa meno hapa Mombasa. Jino lake la kupandikiza, lile la skrubu ya titani inayoingia mfupani, lilikuwa imara, lakini ufizi uliolizunguka ulikuwa mwembamba na ukimuuma kila akipiga mswaki. Daktari akasema atakata kipande cha nyama kwenye kaakaa lake na kukihamishia pale. Shangazi akauliza jambo ambalo mimi sikulifikiria: "Sasa mwanangu, hiyo nyama utaishikiza na nini?"

Kumbe hapo ndipo penye kazi. Kipande hicho, chenye unene wa milimita moja au moja na nusu, kikishakatwa hakina tena mishipa ya kukiletea damu. Siku mbili tatu za mwanzo huishi kwa majimaji ya kidonda kilicho chini yake, ndipo mishipa midogo huanza kuingia. Kikitikisika, mishipa hiyo hukatika na nyama hufa. Tena titani haitoi damu kama ufizi, kwa hivyo karibu na skrubu nafasi ya kukosea ni ndogo zaidi.

Njia kuu ni nyuzi. Daktari hushona pembe za kipande kwenye utando mgumu unaofunika mfupa, si kwenye nyama laini ya shavu inayocheza ukizungumza. Kisha hupitisha uzi mwingine juu yake bila kukitoboa na kuuzungusha kwenye kichwa cha skrubu, mfano wa kamba inayobana mzigo wa mkokoteni. Mwisho hukikandamiza kwa shashi yenye maji dakika kadhaa, damu isije ikaganda chini yake.

Ya pili ni gundi ya tiba, si ile ya dukani. Hupakwa kingoni na juu, kamwe si chini, maana ingeziba njia ya mishipa. Mara nyingi husaidiana na nyuzi. Wengine hutumia vijipini vidogo vya titani vinavyogongwa mfupani na kuondolewa baadaye.

Badala ya nyama ya kaakaa, zipo pia bidhaa za kolajeni, na baadhi hutokana na nguruwe. Sisi Waislamu tuulize mapema, kabla ya kulala kitini.

Lakini hata mshono mzuri huharibiwa nyumbani. Kwa wiki mbili hivi, mpaka nyuzi zitolewe, usipige mswaki pale, usivute sigara wala shisha, usitafune muguka wala tambuu. Na usiinue mdomo kutazama au kuwaonyesha wageni.

Hilo la mwisho ndilo lililomshinda shangazi kidogo. Kila jirani aliyekuja kumjulia hali alitaka kuona. Tukamwekea leso mdomoni, na wageni tukawaambia wamwombee dua tu, kutazama kutakuja baadaye.