Vijana Wapige Hodi Mlango Upi?



Vijana wetu wachumaji karafuu huuliza: haja zetu tuzipeleke Dodoma au Unguja? Jawabu ni hili. Katiba ya mwaka 1977 imeorodhesha mambo ya Muungano, na mambo ya vijana hayamo. Basi sera yao huku visiwani ni kazi ya Serikali ya Zanzibar. Sheria ya mwaka 2013 ikaunda Baraza la Vijana, tangu shehia, wilaya, hata taifa. Wizara hupanga, lakini shehia ndiyo ijuayo ni nani hukaa bure msimu ukiisha. Wazee, waacheni vijana waende barazani, waseme. Tukinyamaza huku chini, huko juu watapanga wasilolijua. Mficha uchi hazai.