Kitabu cha Achebe ambacho wengi wanakiruka

Wandugu, ukimtaja Chinua Achebe, kila mtu anakumbuka Shujaa Okonkwo. Riwaya yake ya pili ya mwaka 1960, Hamkani si Shwari Tena (kwa Kifaransa Le Malaise), ni wachache wameigusa. Na hao wachache hawapatani.

Wamoja wanasema ni kitabu baridi. Obi, mjukuu wa Okonkwo, tunamkuta tayari mbele ya hakimu kwa sababu ya rushwa. Sasa tungojee nini? Tena hana ukali wa babu yake.

Mimi niko na wale wengine. Mwanzo ule unatuachia swali moja tu: aliangukaje? Na jibu liko kwenye hesabu. Watu wa Umuofia walichanga paundi 800, wakamkopesha asome Uingereza. Anarudi, anapata kazi ya leta mjini Lagos, kwenye ofisi inayochagua wanafunzi wa kusomeshwa. Halafu vinapangana: deni la chama, masomo ya mdogo wake, franga za wazazi, bima ya gari. Clara anayempenda ni wa ukoo uliotengwa, na mama yake Obi anatishia kujiua akimuoa.

Na ni yeye Obi aliyekuwa anasema rushwa itaisha siku wazee wa ofisini watawapisha vijana wa iniversite. Njo maana wanaomwita mnyonge ninawauliza: na mshahara ule, ninyi mngeanza kulipa deni gani?