Umbali, nafasi na ulaini: maneno ya uchanganuzi wa funksheni

Umbali (nomino, ngeli ya u-) ni urefu uliopo kati ya mahali pamoja na pengine. Katika hisabati, neno hili la kila siku hubeba dhana pana zaidi. Mwaka 1906 Mfaransa Maurice Fréchet alionyesha kwamba inatosha kuwa na seti yoyote ya nukta na kanuni ya kupima umbali baina yake. Mwaka 1914 Mjerumani Felix Hausdorff aliipa seti ya namna hiyo jina ambalo kwa Kiswahili huweza kufasiriwa nafasi ya umbali, au nafasi metriki. Masharti yake ni matatu: umbali hauwi hasi, na huwa sifuri pale tu ambapo nukta mbili ni nukta moja; umbali wa kwenda ni sawa na wa kurudi; na kupitia mahali pa tatu hakufupishi safari.

Mfano wa Songea

Barabara kuu tatu hutoka mjini Songea: ya Njombe upande wa kaskazini, ya Mbinga upande wa magharibi na ya Tunduru upande wa mashariki. Zichukuliwe kuwa zinakutana kwenye njiapanda moja, na umbali upimwe kwa kufuata barabara, si kwa mstari wa ndege. Masharti yote matatu yanatimia. Anayetoka Njombe kwenda Tunduru hupita Songea, hivyo umbali wake ni jumla ya vipande viwili.

Kila nukta ya barabara sasa ipewe namba: kilomita zake kutoka njiapanda. Hiyo ni funksheni. Gari likiwa njiani kuelekea Tunduru, namba huongezeka kwa 1 katika kila kilomita. Likigeuka, hupungua kwa kiwango kilekile. Badiliko lina ukubwa na lina alama, ya kujumlisha au ya kutoa. Kwenye njiapanda hali ni tofauti: kila upande gari linakoelekea, namba huongezeka, na hakuna mstari mmoja uwezao kugusa matawi matatu kwa pamoja. Kanuni ya kawaida ya kutafuta kiwango cha badiliko hukwama hapo.

Hata hivyo, ukubwa wa badiliko haupotei: ni 1 katika kila tawi. Mwaka 1998 Juha Heinonen na Pekka Koskela, wanahisabati wa Ufini, waliijenga hoja yao juu ya wazo hilo. Badala ya kuuliza funksheni inaelekea wapi, huulizwa inabadilika kwa kasi isiyozidi kiasi gani. Kasi hiyo ikijumlishwa kwenye njia yoyote iunganishayo nukta mbili, jumla haiwi ndogo kuliko tofauti ya thamani za funksheni kwenye nukta hizo.

Njiapanda ni nukta moja tu katika barabara ndefu. Mwaka 1919 Hans Rademacher alithibitisha kwamba, katika nafasi ya kawaida, funksheni ambayo badiliko lake halizidi kizidisho maalumu cha umbali huwa na kiwango kamili cha badiliko karibu kila mahali. Mwaka 1999 Mmarekani Jeff Cheeger aliupanua ukweli huo hadi kwenye nafasi nyingi zisizo laini.

Uteuzi wa maneno

Laini, si nyoofu. Barabara ya Mbinga ina kona nyingi, lakini anayepima kwa kufuata barabara haathiriwi na kona hizo. Kinachovunja ulaini ni njiapanda. Mfasiri aandikaye “nafasi zisizo nyoofu” humfanya msomaji atafute kosa kwenye kona. Iandikwe: nafasi isiyo laini, wingi, nafasi zisizo laini.

Umbali, si masafa. Maneno haya hukaribiana kimaana, lakini masafa hutumika pia kwa mawimbi ya redio. Katika maandishi ya kisayansi umbali huondoa utata.

Nafasi, si anga. Anga huelekeza fikra juu, kwenye mawingu na nyota. Nafasi metriki huweza kuwa barabara tatu tu.

Funksheni, si kazi. Sentensi “kazi haina badiliko” ina maana mbili. “Funksheni haina badiliko” ina moja.

Tofauti hizi si za mapambo. Mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali mjini Songea hujifunza hisabati kwa Kiswahili, kisha hukutana na Kiingereza aingiapo kidato cha kwanza. Mwalimu anaporudi kwenye Kiswahili ili kufafanua jambo gumu, neno lililoteuliwa vibaya huongeza ugumu wa pili juu ya ule wa kwanza. Neno lililoteuliwa vyema humrudisha mwanafunzi kwenye njiapanda anayoijua.