Kimya cha Wanawake katika Filamu za Ousmane Sembène

Mtu ajaribuye kuwajua wanawake wa Ousmane Sembène kwa kuhesabu maneno wayatamkayo atapotea njia tangu filamu ya kwanza. Kwani bwana huyu wa Senegal, aliyezaliwa Ziguinchor mwaka 1923, akawa kuli wa bandari ya Marseille na mtunzi wa riwaya kabla hajaenda Moscow kujifunza kazi ya kamera, aghalabu aliutia uzito wa hoja zake katika kimya chao, na kimya hicho kikazidi kubadilika maana kwa muda wa miaka arubaini.

Katika Borom Sarret ya mwaka 1963, mwendesha mkokoteni wa Dakar arudi nyumbani jioni mikono mitupu, naye mkewe ampakatisha mtoto, amwahidi kwamba usiku watakula, kisha atoka. Aenda wapi? Sembène hatuambii wala hamfuati.

Miaka mitatu baadaye ikaja La Noire de..., na humo kimya kikawa kifungo. Diouana, aliyeigizwa na Mbissine Thérèse Diop, achukuliwa Antibes, Ufaransa, akidhani atalea watoto, kumbe atapika, atafua na atapangusa sakafu katika nyumba ya ghorofani ambayo madirisha yake ndiyo Ufaransa yote aijuayo. Mbele ya waajiri wake haitikii ila neno la kukubali, hali sisi watazamaji twayasikia mawazo yake yote kwa sauti ya mwanamke mwingine, Toto Bissainthe wa Haiti, hata tukamfahamu kuliko wamfahamuvyo wale anaowapikia wali. Basi amri ikazidi kwa amri, naye akaanza kujibu kwa vitendo: akakipokonya kinyago alichowapa kwa hisani, akaukataa ujira, kisha akajiua bafuni. Na yule bwana alipofika Dakar na fedha za marehemu, mama mzazi naye hakuzipokea. Sijui katika sinema ya Afrika mkono uliorudi nyuma kwa adhama kuliko ule.

Katika Emitaï, ya mwaka 1971, kimya chenyewe chageuka silaha. Jeshi la wakoloni wa Kifaransa lataka mpunga wa Wadiola wa Casamance wakati wa vita vikuu vya pili, nao wanawake, ambao jasho lao limeuotesha, wauficha. Wakakalishwa chini juani, wamezungukwa na bunduki, pasi na mmoja kufungua kinywa kutaja ulipo. Wakati uo huo wanaume wajadiliana, wachinja, wahojiana na miungu yao. Kamera ya Sembène yaenda huku na huko baina ya makundi hayo mawili bila haraka, na mtazamaji ajionea mwenyewe ni wapi palipo na azma.

Sisemi kwamba wote hunyamaza. Rama wa Xala, mwaka 1975, amjibu baba yake kwa Kiwolofu ilhali yeye amsemeza kwa Kifaransa, akapigwa kofi kwa kusema wazi juu ya wake wengi. Na binti mfalme wa Ceddo, mwaka 1977, ampiga imamu risasi mbele ya umati. Faat Kiné wa mwaka 2000, meneja wa kituo cha petroli, ana ulimi mwepesi; walakini nakiri kwamba filamu hiyo hunigusa kidogo, kwa kuwa watu wake hueleza mengi mno, isipokuwa pale panapoonekana mgongo wa mama yake, uliobabuka kwa moto aliomkinga nao binti mjamzito dhidi ya ghadhabu ya baba.

Ndipo tukafika Moolaadé, mwaka 2004, filamu yake ya mwisho, ambamo Collé Ardo, aliyeigizwa na Fatoumata Coulibaly wa Mali, afunga kamba ya rangi mlangoni mwa ua wake kuwasitiri wasichana wanne waliokimbia kisu cha tohara. Kwa mila ya kijiji hicho cha Burkina Faso, hifadhi ile haivunjwi ila na yeye aliyeitangaza, kwa neno la kinywa chake. Basi mumewe, akichochewa na kaka yake mkubwa, amchapa mjeledi hadharani ili alitamke. Wako wanaomlilia alitamke, wako wanaomlilia asilitamke, naye akiwa amesimama kati yao, mjeledi ukishuka na kushuka. Diouana alikosa wa kumwambia. Collé ana kijiji kizima kinachongoja neno moja, naye amelifungia nyuma ya meno yake.