Mama na Simu Yake (4): Daktari wa Kasangati na maswali kumi

Siku ya Afya ya Akili ya Kina Mama Duniani kila mwaka huangukia Jumatano ya kwanza ya Mei. Siku hiyo nilisikiliza redio, na wengi waliopiga simu studio walikuwa na dawa moja tu ya sonona ya baada ya kujifungua, ile huzuni nzito isiyoisha: mama mwenye kichanga anyang'anywe simu.

Leo twende ng'ambo ya ziwa letu la Victoria, nchini Uganda, maana huko kuna historia ambayo kila muuguzi wa Mwanza angestahili kufundishwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, John Cox, daktari wa akili kutoka Uingereza, alikuwa akifundisha Makerere. Wakati huo wataalamu wengi wa Ulaya waliamini kuwa mwanamke wa Kiafrika, kwa kuwa amezungukwa na ndugu, hapatwi na sonona. Cox hakuridhika. Alikwenda Kasangati, kaskazini mwa Kampala, akawauliza wanawake wenyewe. Akakuta Waganda wana jina lao la tangu zamani, amakiro, la ugonjwa wa akili unaompata mzazi, nao waliuhusisha na uzinzi wakati wa ujauzito. Mwaka 1979 alichapisha utafiti wake wa wanawake 263 wa huko. Sonona ilikuwepo, aliyekosekana ni wa kuiulizia.

Baadaye, akiwa Uskochi, yeye, Jenifer Holden na Ruth Sagovsky walitunga maswali kumi, yakachapishwa 1987. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla 30. Hayamuulizi mama kama amechoka, kwani ni mzazi gani asiyechoka? Yanamuuliza kama katika siku saba zilizopita bado anacheka, kama anajilaumu pasipo kosa, kama anaogopa bila sababu. Dakika tano zinatosha, na tafsiri ya Kiswahili ipo. Lakini mara nyingi mama wa Igoma au Ukerewe hufika kliniki, mtoto akapimwa uzito, akachanjwa, kadi ikajazwa, kisha mama akaondoka bila kuulizwa hata swali moja kuhusu yeye mwenyewe. Hilo linaniuma kuliko simu.

Simu nayo ina lawama zake. Mwanasaikolojia Leon Festinger alieleza mwaka 1954 kwamba binadamu hujipima kwa wenzake. Mama wa Kirumba anayenyonyesha saa tisa usiku, huku akitazama picha za mzazi mwingine aliyesukwa vizuri, na keki ya arobaini mezani, anajipima kwa kipande kidogo kilichochaguliwa cha maisha ya mtu. Ila simu hiyohiyo humfikisha kwa dada yake Sengerema. Kuanzia Novemba 2012, kampeni ya Wazazi Nipendeni iliwatumia wajawazito na wazazi ujumbe wa afya bila malipo kupitia namba 15001. Kumnyang'anya simu ni kumwongezea upweke. Mume anayetaka kusaidia ambebe mtoto, mkewe alale.

Kwa wauguzi wanaonisoma: swali la kumi katika yale ya Cox na wenzake linahusu mawazo ya kujidhuru. Mama akijibu kwamba amekuwa nayo, hata kwa nadra, msijumlishe alama na kumruhusu aende. Asiachwe peke yake. Apelekwe siku hiyohiyo kwa daktari wa afya ya akili, akisindikizwa na mtu anayemwamini.