Mitaro ya Mohenjo-daro na Afya ya Mji wa Kale

Nyumba nyingi za Mohenjo-daro zilikuwa na bafu. Sakafu yake ilijengwa kwa matofali ya kuchoma yaliyobanana, ikainamishwa kidogo kuelekea pembeni ili maji yasituame. Kutoka hapo maji yalipita kwenye tundu la ukutani au bomba la udongo wa kuchoma hadi kwenye mtaro wa uchochoroni. Hayo yalifanyika takriban miaka 4,500 iliyopita, katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Sindh, Pakistan.

Mohenjo-daro na Harappa ni kati ya miji mikubwa ya ustaarabu wa Bonde la Indus. Dunia ilipata habari zake mwaka 1924, mwanaakiolojia John Marshall alipotangaza matokeo ya uchimbaji ulioongozwa na Daya Ram Sahni huko Harappa na R. D. Banerji huko Mohenjo-daro. Maandishi ya wakazi wake hayajasomeka hadi leo, hivyo wataalamu wanategemea matofali, vyungu na mifupa.

Mitaro hiyo inaeleza mengi. Ilifunikwa kwa matofali au mawe bapa yanayoweza kuinuliwa, na njiani palichimbwa mashimo ya kunasa tope na taka nzito, huku maji yakiendelea na safari. Mashimo ya namna hiyo hujaa. Bila mtu wa kuyazoa, mtaro mzima huziba na uchafu hufurika barabarani. Kwa hiyo, pamoja na mafundi wa kujenga, mji ulihitaji utaratibu wa kusafisha.

Maji safi yalitoka visimani, ambavyo vinakadiriwa kufikia 700. Matofali ya visima yalifinyangwa yakiwa membamba upande mmoja, yakapangwa kwa duara. Kadiri udongo ulivyosukuma kutoka nje, ndivyo yalivyozidi kushikana. Leo, baada ya udongo wa kando kuchimbwa, baadhi ya visima vimesimama juu kama minara.

Faida ya mitaro kiafya inaeleweka vizuri sasa. Vimelea vya homa ya matumbo na kuhara damu hutoka kwenye kinyesi na kumfikia mtu mwingine kupitia maji, chakula, mikono au nzi. Kuondoa majitaka karibu na makazi hukata baadhi ya njia hizo. Hata hivyo, majitaka yakipenya ardhini karibu na kisima, hatari hurudi.

Wala mitaro haizuii kila ugonjwa. Utafiti wa mifupa ya Harappa uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha dalili za ukoma na kifua kikuu, na maambukizi yaliongezeka miji ilipokuwa ikidhoofika. Huko Mohenjo-daro, tabaka za miaka ya mwisho zina nyumba zilizojengwa ovyo na mitaro iliyokosa matunzo. Kufikia mwaka 1900 KK hivi, mji ulikuwa umehamwa.

Mohenjo-daro iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1980, lakini ingali hatarini. Chumvi inayopanda na unyevu kutoka ardhini inamumunyua matofali, na mvua kubwa za mwaka 2022 zilibomoa sehemu za kuta. Sehemu kubwa ya mji bado haijachimbwa.