Kava ya Chuma, Stika ya Mtandao na Pesa Iliyokwama: Jua Antena ya Simu Yako

Uko kwenye kaunta ya duka. Umeweka PIN, umebonyeza tuma, halafu kimya. Mwenye duka anakuangalia na foleni nyuma yako inarefuka. Wengi wetu hapo tunainua simu juu, kisha tunatuma tena. Kabla ya kutuma mara ya pili, hebu tuangalie kinachoendelea ndani ya hiyo simu.

Simu za siku hizi hazina ile antena ya kuvuta juu. Antena ni kipande chembamba cha metali kilichofichwa karibu na ukingo. Jamaa yake wa karibu ni antena ya mikrostripu: kibati kidogo juu, tabaka lisilopitisha umeme katikati, na bamba la metali chini. Utaipata ndani ya vifaa vingi vya GPS, kama vile vinavyofungwa kwenye bodaboda za mkopo.

Fikiria uzi wa nyatiti. Ukiufupisha kwa kidole, sauti inabadilika. Antena ni hivyo hivyo. Kibati huitikia kwa nguvu wimbi ambalo nusu yake inaenea sawasawa kwenye urefu wake. Hali hiyo huitwa resonansi. Wimbi likizidi au kupungua kidogo tu, mwitikio unashuka.

Ndiyo maana wahandisi hawakati kibati kwa kubahatisha. Mwaka 1979, Y. T. Lo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walichapisha modeli ya kihesabu inayochukulia nafasi kati ya kibati na bamba kuwa kama kisanduku ambamo mawimbi hugonga kingo na kurudi. Ukijua vipimo vya kisanduku, unaweza kukadiria masafa yake.

Tujaribu. GPS hutumia masafa ya takriban megahezi 1,575. Wimbi lake hewani lina urefu wa sentimita 19 hivi, kwa hiyo nusu ni 9.5. Ukiweka katikati kauri inayofupisha wimbi mara 4.5, kibati kinabaki kama sentimita 2. Halafu fundi anapunguza kidogo tena, kwa sababu nguvu ya umeme humwagika nje ya kingo na kuifanya antena ijione ndefu kuliko ilivyo.

Kumwagika huko ndiko kunakotuhusu sisi watumiaji. Kitu chochote kilicho karibu na kingo kinaingia kwenye hesabu bila kualikwa. Kiganja chako, chenye maji mengi, kinashusha masafa ya antena na kumeza sehemu ya nguvu yake. Kava ya chuma inavuruga zaidi. Na ile stika ya kung'aa inayouzwa mtaani eti inaongeza mtandao? Haijaunganishwa na chochote ndani ya simu. Ikifanya kazi yoyote, ni kuharibu hesabu iliyokuwa sawa. Okoa pesa yako.

Kwa hivyo, mtandao ukisumbua unapolipa:

- Toa kava ya chuma au kibati cha sumaku cha kushikilia simu kwenye gari.
- Badilisha mshiko. Usiifunike simu yote kwa kiganja, kisha sogea karibu na mlango au dirisha.
- Usitume tena mara moja. Huenda malipo yamepita na ni ujumbe tu uliochelewa. Angalia salio au taarifa ya miamala kwanza.
- Usimpe mtu simu na PIN "akutafutie mtandao nje." Toka mwenyewe.
- Kama wewe ndiye muuzaji, usitoe bidhaa kwa kuona ujumbe kwenye simu ya mteja. Subiri wa kwako, au angalia salio lako.

Si kila mara kosa ni la antena. Mnara unaweza kulemewa na watu wengi, na mfumo nao unaweza kuchelewa. Lakini mshiko na kava ni vitu ambavyo wewe mwenyewe unaweza kurekebisha kwa sekunde chache, bila kulipa mtu. Pesa ikitumwa mara mbili, kuirudisha kunachukua muda na inategemea kama aliyeipokea bado hajaitumia. Dakika moja ya kuangalia salio ni nafuu zaidi.